Picha 14,000 na mzee mmoja

Nimekuwa kimya hapa karibu mwezi mzima. Wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama gazeti limenihamisha kituo. Halijanihamisha. Niko palepale Sumbawanga, baridi ya Juni na Julai inauma kama kawaida yake, na jioni zangu zote nimezimaliza nimejifunika blanketi mbele ya kompyuta, napanga picha.

Zamani kidogo kuna msomaji aliniuliza hivi: yeye ni mpenda picha tu, si mpiga picha wa kazi, ana kamera yake ya mtumba na picha zimeanza kumzidi. Atumie programu gani kuzihariri na kuzipanga? Nikamjibu kwa mstari mmoja: "Tumia yoyote, zote sawa tu." Ndugu yangu, popote ulipo, nisamehe. Zote si sawa. Leo nakujibu kama nilivyopaswa kukujibu siku ile, na nitakusimulia pia aibu iliyonifundisha.

Mwaka 2022 nilipanda bodaboda kuelekea Nkasi, ukishapita Chala unaingia ndani kwa njia ya vumbi, kwenda kuangalia malungu. Kwa ambao hamjafika Ufipa: ilungu ni tanuru la kuyeyushia mawe ya chuma. Wazee wa Kifipa walilijenga kwa udongo, refu kuliko mtu, na lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, mpaka mhunzi akapata chuma cha kufulia jembe au shoka. Jarida la Tanganyika Notes and Records liliandika habari za kazi hii mwaka 1937. Baadaye majembe ya dukani yakawa rahisi na moto ukazimika. Leo ukitembea uwandani unakutana na magofu yake katikati ya mashamba ya mahindi, mengine yamebaki nusu, mbuzi wanajikinga upepo humo.

Mzee aliyenipokea alikuwa amevuka miaka 80. Alinizungusha kwenye ilungu moja kama mtu anayekuonyesha nyumba aliyozaliwa. Nilipiga picha kama 60 hivi. Katika hizo kulikuwa na moja ambayo mpaka leo naiona nikifumba macho: ameweka kiganja kwenye ukuta wa udongo, anacheka, meno mawili yapo, jua la saa kumi jioni linampiga usoni. Wakati wa kuaga nikamwambia, "Mzee, hii nitakusafishia nikuletee." Akasema, "Haya mwanangu, nitaisubiri."

Sikupeleka. Mnatujua waandishi. Habari ilitoka, ikapita, nikaenda kwenye habari nyingine.

Mei mwaka huu simu ikaita saa mbili usiku. Mkwe wake. Mzee amefariki, tunazika kesho mchana, na picha yake iliyopo ni ile ya kitambulisho tu, haifai hata kidogo. "Kaka, wewe ulimpiga nyingi. Tutafutie moja." Nikasema bila wasiwasi wowote, nitakuja nayo asubuhi.

Nikafungua kompyuta. Sasa sikilizeni folda nilizokuwa nazo: Picha, Picha mpya, Kadi, Kadi 2, ZOTE, New folder, New folder (2), Sabasaba, Za simu. Ndani yake picha zaidi ya 14,000, karibu zote zinaitwa DSC_ na tarakimu nne. Nikajaribu kuzipanga kwa tarehe. Haikusaidia, maana saa ya kamera ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi wakati fulani betri ilipokaa bila chaji, na sikuirekebisha kwa miezi. Kwa mujibu wa kamera yangu, nilikuwa napiga picha Ufipa nikiwa bado mwanafunzi wa sekondari.

Lakini nilikumbuka nilikuwa na albamu. Nilitumia Picasa, niliyopewa kwenye flashi na dada mmoja mwenye studio hapa mjini. Google waliinunua programu hiyo mwaka 2004, wakaitoa bure, na Machi 2016 wakaacha kuihudumia, ila mafaili ya kuisakinisha yameendelea kutembea mkono kwa mkono, na kwenye mashine nyingi bado inafanya kazi. Humo nilikuwa nimetengeneza albamu ya malungu yenye picha 12 bora, na nilikuwa nimeandika majina ya watu kwenye nyuso zao. Nikaifungua. Hakuna albamu. Hakuna jina hata moja.

Nikakumbuka. Mwaka 2023 kompyuta ilikuwa nzito, nikampa fundi aipige Windows upya. Alifanya kazi yake vizuri: diski C akaifuta, diski D yenye picha hakuigusa. Kosa ni langu, sikujua kwamba albamu za Picasa na orodha ya majina vilikuwa vinakaa C, kwenye hifadhi ya programu yenyewe, na si pamoja na picha. Cha ajabu, maelezo niliyokuwa nimeandika chini ya picha chache za JPEG yalikuwepo, mazima kabisa. Kwa nini yale yalipona na albamu zikafa? Swali hilo lilikuja kuwa jibu la kila kitu, ila usiku ule sikuwa na muda nalo.

Nikaanza kufungua picha moja moja. Saa tisa usiku nilikuwa nimepata tisa za siku ile. Ile ya kucheka haikuwepo. Kesho yake ndipo nilipoelewa: kamera ikifika DSC_9999 inarudi kuanza DSC_0001. Siku moja nilikuwa namwaga kadi mpya kwenye folda ileile, kompyuta ikaniuliza kama nibadilishe mafaili yenye majina sawa, nami kwa haraka nikakubali. Picha za mkutano wa baraza la madiwani zikakaa juu ya kicheko cha mzee.

Nikasafisha ile iliyokuwa na nafuu, dada wa studio akanifungulia alfajiri akaichapa, nikawahi mazishi. Ilimwonyesha mzee kwa ubavu, anaangalia tanuru. Walinishukuru wote. Bibi, mjane wake, aliishika muda mrefu, akaniuliza polepole, "Mjukuu wangu, umempiga sikio?"

Basi, niliporudi mjini nikaanza kutafuta programu kama mtu anayetafuta dawa.

Tupo watatu hapa Sumbawanga tunaopenda haya mambo. Kuna mwalimu wa sekondari anayepanda milima ya Mbizi wikiendi kupiga ndege na mbega wekundu wa msitu ule. Kuna huyo dada wa studio, ambaye harusi na kipaimara ni kazi, lakini barabara na mawingu anapiga kwa moyo wake. Na mimi. Tulikaa Jumapili tatu mfululizo kwenye studio yake tukijaribu programu, chai ya tangawizi ikiwa pembeni, na tulibishana sana. Kila mmoja alitoka na chake, kwa hiyo msije mkadhani nawapa amri.

Jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba kuhariri na kupanga ni kazi mbili tofauti, na watu wengi (mimi wa kwanza) wanapouliza "programu nzuri ya picha" wanawaza kuhariri tu. Ukitaka kuondoa nguzo ya umeme nyuma ya bibi harusi, GIMP inatosha. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na Machi 2025 ilifika toleo la 3.0 baada ya kusubiriwa miaka mingi. Lakini GIMP haijui una picha ngapi wala zipo wapi. Ni karakana, si kabati. Kwenye simu, Snapseed ni ya bure na inamaliza shida za wengi: kuongeza mwanga, kunyoosha upeo uliopinda. Nayo si kabati.

Mwalimu yeye anapiga mafaili ghafi, yale ambayo kwa Nikon yanaishia na NEF. Kwa kamera yangu ya D3200 yenye megapikseli 24 faili moja la namna hiyo ni kama MB 20, kwa hiyo kadi ya GB 16 inajaa kabla hujashuka mlimani. Faida yake ni kwamba mbega aliyejificha kwenye kivuli unaweza kumtoa. Yeye amechagua darktable. Nayo ni ya bure, watu wa Windows waliipata rasmi mwishoni mwa 2017, kabla ya hapo ilikuwa ya Linux na Mac. Nakiri mimi ilinishinda. Ina vitufe vingi kuliko mashine ya sauti ya kwaya, na kompyuta yangu ilianza kupumua kama lori la mahindi linalopanda mlima. Lakini picha zake za Mbizi zimekuwa nzuri kweli, sina la kubisha.

Dada wa studio anataka Lightroom, na ninamwelewa. Ilitoka mwaka 2007, inapanga na kuhariri mahali pamoja, na ukiwa na picha 800 za harusi moja hakuna linalokwenda haraka kama hilo. Tatizo ni malipo. Zamani uliinunua mara moja ikawa yako. Toleo la 6 la mwaka 2015 ndilo lililokuwa la mwisho kuuzwa hivyo. Sasa unalipa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Kwa miaka mingi mpango mdogo wa wapiga picha ulikuwa kama dola 10 kwa mwezi, na Januari 2025 ule mdogo ukafungwa kwa wateja wapya. Ukiacha kulipa utaendelea kuziona picha zako na kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Kwa mwenye studio hiyo ni gharama ya biashara kama karatasi na wino. Kwa anayepiga picha za mawingu Jumapili, mimi naona ni kodi ya nyumba usiyolala.

Najua wengine mnacheka, mnasema si zipo zilizovunjwa kufuli, tunapeana kwenye flashi. Zipo. Nilishakuwa nayo moja, ikaja na virusi vilivyogeuza folda zangu zote kuwa njia za mkato. Sitawahubiria, kila mtu na dhamira yake, lakini anayekupa bure kitu cha wizi hakupi na fundi.

Sasa lile swali la usiku wa msiba: kwa nini maelezo yalipona na albamu zikafa? Nilisoma, nikajaribu, nikaelewa hivi. Faili la picha lina nafasi ndani yake ya kuandika maneno. Kamera yenyewe huandika humo tarehe, lenzi na mwanga. Kuna na nafasi za mwandishi: nani yuko pichani, wapi, lini, nani kapiga. Utaratibu wa nafasi hizo za waandishi umetoka IPTC, chombo cha mashirika ya habari kilichoundwa mwaka 1965, na dawati la picha la gazeti lolote linazijua. Picasa ilikuwa inaandika maelezo ya JPEG humohumo ndani ya picha, ndiyo maana yalipona. Albamu ilikuwa inaandika kwenye daftari lake la pembeni. Daftari likichomwa, basi.

Kwa hiyo swali la kuuliza programu yoyote ya kupanga picha, kabla hujauliza ina vichujio vizuri au haina, ni hili moja: ninachokiandika unakiandika wapi? Na jaribio lake ni rahisi, fanya leo. Andika maelezo kwenye picha moja ya JPEG. Inakili kwenye flashi, ipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine isiyo na programu yako, bofya kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, halafu Details. Ukiyaona maneno yako, picha imesafiri na jina lake. Usipoyaona, maneno yamebaki nyumbani.

Tulizipitisha zote kwenye jaribio hilo. Lightroom inaandika kwenye daftari lake kwanza. Kuna mahali pa kuiamuru iandike na kwenye picha, lakini ikitoka dukani amri hiyo imezimwa. darktable inaweka kijifaili kidogo cha XMP pembeni ya kila picha, sawa na barua iliyofungwa kwenye bahasha yake: ukihamisha picha hakikisha umehamisha na barua. Google Photos, ambayo wengi tunaitegemea kwenye simu, inahifadhi maelezo kwao huko. Ukiomba picha zako zote zirudi, maelezo yanakuja kwenye vijifaili vya pembeni. Na tangu tarehe 1 Juni 2021 nafasi ya bure ni GB 15 tu, tena unagawana na barua pepe yako. Kwa bando zetu, kupandisha NEF za mwalimu huko ni kuuza ng'ombe. WhatsApp ndiyo kabisa: inapunguza picha na kufuta karibu kila kilichoandikwa ndani. Ukitaka ifike nzima, itume kama dokumenti.

Mimi nimechagua digiKam. Ni ya bure, ilianza mwaka 2001 kwa watu wa Linux na siku hizi ipo kwa Windows na Mac. Siku ya kwanza unapoifungua inakuuliza kama iandike taarifa kwenye mafaili yenyewe au isifanye kitu. Msibonyeze kwa pupa kama nilivyokubali kufuta picha za mzee. Mwambieni aandike. Baada ya hapo unaweza kuvunja kompyuta na maneno yako yakabaki kwenye picha, na kesho ukitaka kuhamia programu nyingine, unahama na mzigo wako wote.

Haina sura nzuri, nawaambia ukweli. Menyu zake zimejazana, na mara mbili imejifunga ikiwa katikati ya kazi. Ilibidi niongeze RAM mpaka GB 8. Lakini inanibadilishia majina wakati wa kuingiza picha kutoka kwenye kadi, kwa hiyo siku hizi hakuna DSC_0412 kwangu, kuna tarehe, mahali na namba. Hakuna picha itakayokalia nyingine tena. Tarehe zile za uongo nimezisogeza mbele zote kwa pamoja, baada ya kulinganisha na mkutano mmoja ambao tarehe yake ipo gazetini.

Halafu kuna kutambua nyuso. Hii inafanyika ndani ya kompyuta yako mwenyewe, bila mtandao, ila kwanza inataka kushusha mafaili ya mamia ya MB, kwa hiyo nendeni ofisini kwenye intaneti ya bure (bosi, kama unasoma, ilikuwa baada ya saa za kazi). Nilimwandika mzee kwenye zile picha tisa, nikaiachia usiku kucha ipitie 14,000. Asubuhi ilikuwa imeniletea mapendekezo. Diwani mmoja. Padri niliyempiga kwenye jubilei. Matundu mawili ya ilungu, ambayo nayo iliyaona ni uso wa mtu, na ukiyaangalia kwa muda huwezi kuilaumu.

Na mzee, anacheka.

Ilikuwa kwenye ile folda ya Za simu. IMG-2022 nini nini WA0007. Jioni ileile ya 2022 nilikuwa nimeihamishia kwenye simu nikamtumia mhariri kwa WhatsApp aone, halafu nikaja kuimwaga simu nzima kwenye kompyuta nisikumbuke. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Upana wake ulikuwa pikseli 1,600. Dada wa studio akapiga hesabu: kwa karatasi ya inchi 5 kwa 7 inatoka safi, ukiilazimisha kwenye A4 itaanza kuwa na ukungu. Tukachapa 5 kwa 7. Kwenye kompyuta nikaiandika maelezo kamili, kwa mara ya kwanza tangu niipige: jina lake, kijiji, mwezi na mwaka, "akiwa kando ya tanuru la baba yake".

Nikaipeleka siku ya arobaini, na nakala ya maelezo nimeibandika nyuma ya fremu. Bibi akaipokea, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akamwita mjukuu amsomee maneno ya nyuma, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Si la baba yake hili," akasema. "La baba yake lilianguka zamani, kule bondeni. Hili ni la mjomba wake. Na huyu hapa pembeni mbona hujamwandika?"

Nikasogea. Pembeni kabisa mwa picha, mahali ambapo mimi siku zote nilikuwa nikiona kivuli tu, kuna kipande cha gauni la bluu na mkono wa mtoto umeshika fimbo ya babu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa anasoma maelezo, siku hizi yuko kidato cha pili. Akaangalia, akacheka kwa aibu, akaniandikia jina lake kwenye daftari langu kwa herufi kubwa.

Nilirudi mjini usiku, umeme ulikuwepo. Nimefuta "baba", nimeandika "mjomba", nimeongeza jina la binti. Ile A4 yenye ukungu bibi anaitaka hivyohivyo, kwa hiyo Jumamosi narudi Nkasi.